Kufua Fedha

Aliyetaka kumfurahisha Bwana Abdulghafur hakuwa na haja ya kumpelekea halua. Ilitosha kumwuliza, "Ati Bwana, lile timbo lenu la Pate lilikuwaje?" kisha ajitafutie mahali pazuri pa kukaa, maana atakaa. Bwana Abdulghafur angeweka kikombe chake cha kahawa chini, angesukuma kofia nyuma kidogo, na angeanza. Angeeleza jinsi wazee wake walivyokuwa wenyewe wa Timboni, mahali penye mashimo ya kuchimba fedha. Si fedha za kununulia samaki, la, fedha yenyewe, madini. Walivyoivunja mwambani, wakaiyeyusha kwa tanuri zao, wakaifua kwa nyundo zao, na jinsi wakubwa wa Pate walivyokuwa hawavai jambia mpaka watu wa Timboni wawaletee ala yake. Akimaliza, kahawa imepoa, na mwulizaji, kama ni mtu wa Amu, habari hiyo alikuwa keshaisikia tangu hajaota ndevu.

Hakuwa mwongo, na hilo lisemwe mapema. Alichorithi kwa baba yake ni nyumba ya mawe ya ghorofa mbili mtaani Mkomani, hapo Amu, msahafu, na maneno haya: "Mali yetu ni ya kufua fedha Timboni." Baba yake naye aliyapokea kwa baba yake. Yaliyobaki, mwamba na jambia na wakubwa wa Pate, aliyajaza mwenyewe mwaka baada ya mwaka, kwa nia njema kabisa, kama mtu anavyoongeza samani nyumbani kwake. Timboni kwenyewe alifika mara moja tu, angali mtoto wa kubebwa begani, na alichokumbuka cha huko ni kwamba aliumwa na siafu.

Mkewe, Bi Esha, alikuwa amejifunza kusinzia macho wazi habari ya timbo ikianza. Jirani yao Badawi, fundi wa kuchonga milango, mtu wa utani usiokuwa na breki, kila akimwona Bwana Abdulghafur anatokea kichochoroni alipaza sauti barazani, "Mpisheni mwenye timbo!" Watu wakacheka, wakasogea, naye Bwana Abdulghafur akakaa mahali alipopishwa. Alijua ni mzaha. Lakini kupishwa ni kupishwa, na yeye aliridhika. Alikuwa mtu aliyeridhika na maisha yake kwa jumla, na watu wa namna hiyo si wengi.

Basi mwaka wa hamsini na tano, pepo za kusi zilipokuwa hazijaanza kukaza, akaitwa na Bwana DC. Alirudi kutoka ofisini anatembea katikati ya njia, jambo ambalo vichochoro vya Amu haviruhusu, na punda wawili ilibidi wamngoje. Barazani alimkuta Badawi.

"Kuna mzungu ameya," alisema kabla hajakaa. "Mzungu wa madini. Amesoma kwamba Pate palikuwa na timbo la fedha."

"Amesoma?"

"Amesoma. Kwa Kizungu."

Badawi akasogea, akampisha akae, safari hii bila mzaha.

Habari yenyewe Bwana Abdulghafur alikuwa ameelezwa na Wazir, karani wa Amu aliyesomea Mombasa, ambaye ndiye angekuwa mkalimani. Kesho yake wangekwenda Pate. Mzungu angepaangalia Timboni, na asubuhi ya pili, mbele ya watu wa mji, Bwana Abdulghafur angesema anachokijua juu ya wazee wake. Ikithibitika kwamba palikuwa na mgodi, ardhi ile ingepimwa, ingezungushiwa ua, ingechimbwa na kutobolewa kwa mashine kutafuta kilichobaki, na kando ya njia kingesimamishwa kibao chenye jina la ukoo wake. Habari ya kupimwa na kuzungushiwa ua iliingia sikio hili ikatokea lile. Habari ya kibao ilikaa.

"Nami nitakwenda," Badawi alisema. "Mambo kama haya yataka shahidi. Usiye ukarudi ukapiga chuku."

Wakaenda. Chombo cha serikali kilikuwa cha mtambo, kinanguruma mpaka meno yanagongana, na walipita mlango wa Mkanda maji yakiwa yamejaa, wakashukia Mtangawanda, bandari ya Pate. Kutoka hapo ni kwa miguu au kwa punda. Bwana Abdulghafur alipewa punda kwa heshima ya timbo lake, naye alimpanda kwa uangalifu mkubwa kwa sababu ya kanzu. Bi Esha alikuwa ameitia wanga kanzu ile mpaka ikawa inasimama yenyewe.

Mzungu na Wazir walipiga hema nje ya mji. Badawi alifikia kwa shemeji yake. Bwana Abdulghafur alikwenda kwa Mwanamkisi, binti wa ami yake, ambaye walikuwa wakionana harusini na misibani alipokuja Amu, na ambaye kila mwaka alimletea fundo la tumbako ya Pate, ile kali inayotoa machozi. Mwanamkisi alikuwa mjane wa makamo, mkubwa wa kicheko, vidole vimekuwa rangi ya kahawia kwa kusokota majani. Ua wake mzima ulikuwa umetandazwa tumbako. Alimpokea kwa furaha ya kweli, akamtilia maji ya kunawa, akakaa kuupuliza moto chini ya mofa, tanuri lake la mikate.

"Karibu, Ghafu. Umeya na mzungu, nasikia. Ameya kufanyani?"

Hapo ndipo alipokuwa akipangoja. Akamweleza yote, na kibao akakiweka mwisho ili apate kukikawilia.

Mwanamkisi akaacha kupuliza moto. "Huo ua watautia wapi?"

"Timboni pote. Toka kisima hata ukuta wa msikiti mkuukuu."

"Na tumbako yangu?"

Bwana Abdulghafur alikuwa akiitafuna tumbako ile miaka yote hii, akiisifu kwa watu, na hata siku moja hakuwahi kujiuliza inaota wapi. Inaota Timboni. Mwanamkisi alilima pale ndani ya kuta zilizobomoka, kama mama yake kabla yake, na zaidi ya hapo hakuwa na shamba jingine wala mume wala mtoto wa kumletea kitu.

"Serikali itakupa shamba lingine," alisema.

"Shamba lingine si mtanga ule. Tumbako yamea pale kwa sababu ya ivu la kale. Kwingine yatamea mayani matupu yasiyo ukali." Hakuonekana kukasirika, alionekana kama mtu anayepima uzito wa kitu mkononi. "Na tena, Ghafu, pale si timbo la kutimba fedha."

"Nani akwambiye?"

"Mama. Na mama aliambiwa na mamake. Pale walikuwa wakifua fedha."

"Si ndivyo nisemavyo mimi! Kufua fedha!"

"Kufua kwa mayi, Ghafu. Kama nguo."

Kwanza hakuelewa. Kisha akaelewa, na damu ikampanda usoni. Mwanamkisi akaendelea taratibu huku akibandika mikate, bila kumtazama, na huo ulikuwa wema wake. Zamani, alisema, Pate ilipokuwa Pate, masonara walikuwa mtaa mzima. Fedha yao haikutoka ardhini kwao, maana ardhi ya Pate ni matumbawe matupu, bali iliingia na wafanyabiashara, sarafu za mariale za kuyeyushwa. Na fedha ikikatwa na kupigwa tupa, huacha vumbi. Vumbi likaanguka mikekani, majivuni, kwenye nyufa za sakafu. Mwanamume kuinama kuokota alichokidondosha ilikuwa aibu, na desturi ikawa kwamba kilichoanguka chini ya meza ya sonara ni haki ya wanawake. Wao wakayafagia, wakayabeba kwa vikapu mpaka Timboni penye visima, wakayafua yale mavumbi mpaka mchanga ukaenda na maji na fedha ikabaki. Wakaiyeyusha wenyewe. Mjane aliyekuwa na mikono miwili alikuwa na riziki. Kisima cha msikiti mkuukuu, ambacho mji wote ulinywa maji yake, ni wao waliokijenga. Masonara walipotawanyika, vumbi nalo likaisha, na Timboni pakabaki mahame.

"Na huyo mzee wetu wa fedha," alisema, "alikuwa mwanamke. Barka. Alikuya Pate na kikapu kitupu, hana mtu, akafagia sakafu za watu. Akafua hata akapata. Ile nyumba yenu ya Mkomani ni yeye aliyeinunua, akamwekea mwanawe. Ni mavumbi ile nyumba, Ghafu."

"Mbona hukunambia miaka yote hino?"

"Hukuniuliza. Kila nikiya Amu wewe ndiwe msimulizi."

Alisimama bila kugusa mkate. Maneno yalimkata maini, na lililomuuma zaidi ni kwamba hayakusemwa kwa ubaya. Akachukua bakora yake, akatoka kwenda kulitafuta timbo lake kwa macho yake mwenyewe.

Timboni si mbali. Ukishapita makaburi unaona kuta, zimemomonyoka mpaka kifuani, na baina yake majani mapana ya tumbako, ya kijani kibichi, yamesimama kwa safu. Mashimo yapo kweli. Bwana Abdulghafur alilichungulia la kwanza huku moyo unamdunda, akakuta limepakwa chokaa ndani, laini, na kona zake zimeviringwa kwa mkono ili maji yasipenye. La pili vilevile, na kutoka shimo hadi shimo kulikuwa na mfereji mdogo wa kupitishia maji. Akazunguka. Aliona tanuri, lakini zilikuwa ndogo, za kukaa mtu mmoja mbele yake amechutama. Aliona fungu la mchanga mweusi lililokuwa refu kuliko yeye. Mwamba uliovunjwa hakuuona popote, na alipotafuta penye ukingo uliobomoka aliona matumbawe, yale yale ya kujengea choo cha kwake. Akakaa juu ya jiwe. Hakuna mtu anayepaka chokaa ndani ya mgodi, na hilo alilijua bila kufundishwa na mzungu.

Mwanamkisi alikuwa amemfuata na ndoo ya maji na chano cha mbao. Akachutama chini ya ukuta, akafukua kiganja cha udongo pale sakafu ya kale ilipopasuka, akautia chanoni na maji, akaanza kuuzungusha na kuutikisa, akimwaga kidogo kidogo, kama apetaye mchele. Ilikuwa kazi yake ya kawaida baada ya mvua. Bwana Abdulghafur alimtazama kwa hasira, halafu akamtazama tu.

"Nipa," alisema mwishowe.

"Na kanzu?"

"Nipa, Kisi."

Akapiga magoti. Chano cha kwanza alikimwaga chote, udongo na maji na kila kitu, juu ya magoti yake, na Mwanamkisi akacheka mpaka akashika mbavu. Cha pili hakikuwa na kitu. Cha tatu, mchanga ulipokwisha kwenda na maji, kilibaki kitu cheusi kidogo pembeni, mfano wa punje ya mtama. Alikisugua kwa kidole gumba. Kikang'aa.

"La ilaha illa Llah," alisema Bwana Abdulghafur.

Na jambo la ajabu ni kwamba alifurahi. Alifurahi kuliko siku zote alizolisimulia timbo. Alikuwa akiisema fedha ya wazee wake maisha yake yote na hii ndiyo mara ya kwanza aliishika. Wakaendelea, yeye akifukua na Mwanamkisi akimwelekeza, wakibishana nani anamwaga vibaya, mpaka adhana ya alasiri ikawakuta pale, yeye matope mpaka viwikoni na wanga wote wa Bi Esha umekwenda na maji. Alijisikia mwepesi. Aliwaza mikono ya yule mwanamke aliyekuja na kikapu kitupu, ikifanya hivi hivi, na ikamwingia kwamba ni kwa sababu ya mikono ile yeye alizaliwa chini ya dari ya boriti, mahali pasipovuja.

Hofu ilikuja baadaye, wakila. Ilikuja na sura ya Badawi. Asubuhi Badawi angekuwa pale, mstari wa mbele, na kabla chombo cha serikali hakijafunga kamba Amu, mji wote ungejua kwamba mwenye timbo ni mjukuu wa mfagiaji. Amu si mahali pa mchezo kwa mambo ya asili. Watu hukumbuka babu wa nani alikuja lini na amebeba nini. Binti yake mdogo alikuwa hajaposwa bado.

"Na nikinyamaa?" aliuliza. "Nisiseme hivi wala vile?"

"Ukinyamaa watatimba."

"Wataka niseme, basi."

Mwanamkisi alimenya embe, akampa kipande kikubwa. "Mimi sikuombi, Ghafu. Shamba ni langu, ina ni lako. Sitakuamulia ina lako."

Kama angemwomba alitoe jina lake, angalau Bwana Abdulghafur angepata cha kukataa. Alikula embe lake, akalala mapema, na kwa kuwa alikuwa amechoka kwa kazi, jambo ambalo halikuwa limemtokea miaka mingi, alilala vizuri.

Asubuhi watu walikuwa wamejaa Timboni. Wanaume walikaa mbele juu ya kuta zilizobomoka, wanawake nyuma karibu na tumbako, buibui zimefunika vichwa. Mwanamkisi alikuwa nyuma kabisa, amesimama ndani ya shamba lake, amelishika jani moja. Badawi alikuwa mbele, kama ilivyotazamiwa, amevaa vizuri kuliko shughuli ilivyohitaji. Kwa kanzu yake yenye mabaka ya udongo uliokauka, Bwana Abdulghafur ndiye aliyeonekana mlimaji.

Mzungu wa madini alikuwa mtu mwekundu, mpole, mwenye kofia kubwa. Alisema na Wazir akafasiri: mawe ya hapa hayamwambii kwamba kuna fedha. Lakini tanuri zinamwambia ipo, na mchanga ule mweusi una fedha ndani yake, ameupima. Fedha haishuki na mvua. Kama hakuna mtu wa kumweleza ilitoka wapi, itabidi pafungwe, patobolewe mpaka ajue. Sasa anamsikiliza mwenye habari.

Bwana Abdulghafur akasimama. Alikuwa msemaji mzuri, mwenye kumtoa nyoka pangoni, lakini asubuhi ile alianza kwa maneno machache.

"Hapa hapakuwa na mgodi," alisema. "Wazee wangu hawakutimba fedha. Walikuwa wakifua."

Wazir akafasiri. Mzungu akaitikia kwa kichwa, akauliza. "Anasema," alisema Wazir, "amefahamu kwamba walikuwa masonara, wapiga nyundo. Lakini masonara fedha yao waliitoa wapi, kama si hapa?"

Mlango ulikuwa wazi. Masonara! Sonara ni mtu wa heshima. Angeweza kutulia hapo, akasema sijui walikoitoa, akarudi Amu babu zake wakiwa wamepungua kidogo tu, kutoka mabwana wa mgodi hadi mafundi wa fedha, wala Badawi asingekuwa na la kusema. Alimwona Badawi akitikisa kichwa kukubali. Kisha akamwona Mwanamkisi kule nyuma. Hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akiitazama tumbako yake, safu baada ya safu, kama mtu anayemuaga mgeni.

"Sivyo," alisema Bwana Abdulghafur. "Umefasiri vibaya, Wazir. Si kufua kwa nyundo. Kufua kwa mayi."

"Kwa maji? Kufua nini kwa maji, Bwana?"

"Mavumbi."

Watu wakaanza kunong'ona. Wazir alikuwa kijana wa adabu, na alijua anayezungumza naye ni nani. Akasogea, akasema kwa sauti ya chini, "Bwana, nikilifasiri hilo hivyo, maana yake itakuwa..."

"Nayua maana yake. Huwezi kulifasiri, nitalionyesha. Nileteeni chano."

Mwanamkisi ndiye aliyekileta, akapita katikati ya wanaume wote nacho. Na hapo mbele ya serikali, mbele ya mji wa Pate, na mbele ya Badawi, Bwana Abdulghafur akapiga magoti, akafukua udongo kwa vidole, akautia maji, akaanza kufua. Huku akifua alisema, na safari hii hakusema kwa tambo. Alisema masonara walikuwa watu wengine, fedha ilikuwa ya watu wengine, na wa kwao walifagia kilichoanguka. Alisema walikuwa wanawake. Alisema mji huu ulikunywa maji ya kisima kilichojengwa na wafagiaji, na kwamba kila aliyezaliwa kwao kwenye nyumba ya mawe amezaliwa juu ya vumbi lile. Kwa kuwa hakuwa na mazoezi ya kutosha, chano cha kwanza hakikutoa kitu, na mtoto mmoja akacheka. Akafua tena. Kilipobaki kile cheusi pembeni, akakisugua, akainuka kwa taabu kwa ajili ya magoti yake, akakiweka kwenye kiganja cha mzungu.

Mzungu alikitazama kwa muda mrefu. Kisha yeye mwenyewe akashuka ndani ya shimo, akapapasa chokaa ya kona kwa mkono, akaufuata ule mfereji mdogo shimo hadi shimo, na alipopanda uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyetatuliwa kitendawili. Alisema maneno mengi kwa haraka. Wazir akayafupisha: hapa hapana cha kuchimba. Hakuna kitakachofungwa. Lakini anasema amezunguka nchi nyingi kutazama migodi iliyokufa, na yote ilikuwa ya wafalme au ya makampuni. Mahali pa wanawake kama hapa hajapata kupaona, na anaomba pasibomolewe, anayelima aendelee kulima.

Kule nyuma wanawake wakapiga vigelegele. Bwana Abdulghafur hakumtazama Mwanamkisi, maana angemtazama angelia, na kulia ndilo jambo pekee alilokuwa hajalifanya asubuhi ile. Badawi alikuwa amesimama, amemkodolea macho.

"Bwana Abdulghafur," alisema mbele za watu, pole pole, kama anayeonja neno. "Kumbe nyinyi ni wafua mavumbi."

"Naam," alisema Bwana Abdulghafur. "Ndio sisi."

Badawi alingoja aone kama kuna zaidi. Hapakuwa na zaidi, naye akasogea, akampisha.

Wazir alikuwa ametoa kalamu. "Mzungu anauliza jina. Ataka kuandika ni nani aliyekuwa akifanya kazi hii hapa, yeyote anayejulikana kwa jina."

"Barka," alisema Bwana Abdulghafur.

"Barka binti nani?"

Akamgeukia Mwanamkisi. Mwanamkisi akatikisa kichwa. Hakuna aliyejua. Alikuja peke yake, na jina la baba yake, kama alikuwa nalo, hakuna aliyelishika. Kila mtu wa Amu na wa Pate aliyekuwa pale alijua hilo lina maana gani. Mtu bila jina la baba, mbele ya kalamu, ni mtu ambaye habari zake zinaishia hapo. Bwana Abdulghafur mwenyewe angeweza kuyataja majina yake, baba kwa babu, bila kupumua.

"Niandike hajulikani?" Wazir aliuliza.

"Hapana," alisema Bwana Abdulghafur, na alilisema kwa sauti ya kusikika hata nyuma, walipokaa wanawake. "Andika: Barka, nyanya yake Abdulghafur."